Siku moja maishani mwangu: natafuta wachoraji wa gemu, na nawalipa

Watu wakisikia natengeneza gemu hudhani nashinda nikicheza. Timu yetu hapa Mombasa ni ndogo, na kazi yangu mimi ni wachoraji: kuwatafuta, kupatana nao bei, kuandika mikataba, kukagua michoro na kuhakikisha pesa zimewafikia. Gemu yenyewe inahusu mabaharia wa pwani hii enzi za mtepe, chombo cha kale cha tanga. Jana ilikuwa hivi.

Saa 1 asubuhi. Chai, kisha maombi ya kazi. Vijana wanatuma picha nzuri, halafu chini wanaandika, "Dada, hata bure nitafanya, bora nipate jina." Maneno hayo yananiuma kila nikiyasoma. Ni nani aliyewazoesha kuomba hivyo? Ninawajibu wote jibu lile lile: kwetu hakuna kazi ya bure. Hata jaribio tunalilipia, mchoro mmoja shilingi 3,000, na usipochaguliwa mchoro unabaki mali yako.

Saa 3. Ukaguzi. Mchoraji wetu wa Kisumu ameleta mtepe wake wa kwanza. Mistari safi, maji yanaonekana yana uzito. Ila tanga amelichora la pembetatu, kama la jahazi, na kwenye mbao kuna vichwa vya misumari. Mtepe haukuwa na msumari wa chuma. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lilikuwa mkeka wa pembe nne. Nikamtumia picha za mfano ulioko makumbusho ya Lamu, nikazungushia kalamu nyekundu pale kamba zinapopita. Mkataba wake una raundi mbili za marekebisho ndani ya bei. Ya tatu tunailipia.

Saa 5 simu ikalia. Ni mzee mmoja aliyetuwekea sehemu ya mtaji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hivi kweli mnalipa 12,000 kwa mhusika mmoja? Nimepata kijana anachora kwa 500."

Nikamweleza taratibu. Mhusika wa gemu si picha moja. Anasimama, anatembea, anapiga makasia, anaanguka. Kutembea peke yake ni fremu 8, na anatembea pande 4, hizo ni picha 32, na kilemba kikisogea vibaya kwenye moja tu, jicho la mchezaji linaona. Yule kijana wa 500 amepigiwa hesabu ya picha moja, na hajaambiwa kuna nyingine 31.

Akasema basi tuwaahidi mgao wa mauzo. Nikamwambia mgao tunaweza kuuongeza juu ya malipo, hauwezi kuwa ndiyo malipo. Steam, duka la mtandaoni la kuuzia gemu, peke yake hukata asilimia 30 kabla sisi hatujagusa kitu, na gemu haijamalizika. Mwenye nyumba anataka kodi yake mwisho wa mwezi huu.

Akanyamaza kidogo, akaja na akili mnemba. Mashine inachora bure, kwa nini tusiitumie? Nikamwambia tangu Januari 2024 Steam inataka utangaze kama umetumia akili mnemba. Lakini hata isingetaka, mimi nimekaa na watu hawa wanaouliza kamba inaingia tundu lipi na kutokea lipi. Hao ndio ninaotaka wachore bahari yetu.

Adhuhuri ikaadhiniwa tukiwa bado kwenye simu. Akapiga tena nikiwa na sahani ya wali mkononi, kwa swali lile lile. Mwishowe akakubali: bei za waliopo haziguswi, ila mchoraji mpya asubiri mwezi ujao. Nilitaka zaidi ya hapo. Koo lilikuwa limekauka.

Mchana wote uliobaki ulikwenda kwenye mikataba, feni ikizungusha joto tu. Kuna kipengele kimoja huwa sikiachii: michoro ni ya gemu hii. Siku tukichapa fulana au mabango, mchoraji analipwa upya. Jina lake linaingia ndani ya gemu, na kazi yake anaruhusiwa kuionyesha kwa wateja wengine.

Usiku, macho yakiwaka, nikafanya malipo kwa M-Pesa. Gharama ya kutuma ni yetu, na ya kutoa tunaiongeza juu, kwa sababu tukipatana 12,000, ni 12,000 anazoshika mkononi. Wa Kisumu alikuwa ameshaleta tanga jipya, la pembe nne, na ukili wa mkeka unahesabika. Nikamtumia zake.

"Zimefika, dada, asante. Lakini mtepe una kamba nyingi kuliko nilivyodhani. Kazi ijayo bei yangu itapanda."

Nikamwambia aniandikie bei mpya kabla ya Ijumaa, niiingize kwenye bajeti ya mwezi ujao.