Usikaze Mkanda: Nilivyoiponya Miwani Yangu ya Mbizi

Kwa miaka mitatu miwani yangu ya mbizi, ile inayofunika macho na pua pamoja, ilivuja, na kila niliyemlalamikia alinijibu vilevile: kaza mkanda. Nikakaza. Nikitoka majini nina alama ya duara usoni, kichwa kinagonga, na maji bado yamejaa mpaka usawa wa macho. Kukaza mkanda hakuzibi kitu! Ukizidisha, ule ukingo laini wa silikoni unajikunja, na pale unapojikunja ndipo maji yanapopita.

Nakamata samaki wa mapambo kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika, upande wa Katonga, Kigoma. Samaki wale wanakaa kwenye mianya ya mawe. Mkono ukiwa umebonyeza miwani ili upulize maji kwa pua, wavu unalegea na samaki kashapita.

Kuna aliyenishauri nivae miwani ya kuogelea. Msithubutu. Mita 10 chini mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na miwani ile haifuniki pua, kwa hiyo huwezi kupuliza hewa ndani yake kusawazisha. Macho yanafyonzwa mpaka yanavilia damu.

Tukaanza kuhangaika wenyewe, mimi na wenzangu wawili wa boti. Kwanza tulikata tyubu ya baiskeli, tukaibandika kwenye ukingo wa miwani, pembeni mwa pua, kwa solusheni, ile gundi ya kuzibia pancha. Nchi kavu ilikaa vizuri mno. Nilikuwa sijafika hata mita tano nikaona kipande cheusi kinaelea mbele ya kioo, ndani ya miwani, kinapanda na kushuka kila nikipumua. Kumbe solusheni haishiki silikoni hata uisugue kwa msasa. Tulirudia mara nne, na gundi za kila aina za pale Mwanga, Kigoma mjini. Zote zilibanduka. Kinachoshika silikoni ni silikoni yenyewe.

Kilichotufungua macho ni masizi. Tulipaka masizi ya sufuria kwenye ukingo wa miwani, nikaibandika usoni bila mkanda, nikavuta pumzi kwa pua. Ilinata. Nilipoitoa, duara jeusi usoni lilikuwa kamili, halina pengo. Nikakata tamaa kabisa, maana miwani ilionekana nzima na majini inavuja.

Bwana mdogo wetu, ambaye hana hata mwaka kwenye kazi hii, akasema, “Kaka, hebu ng'ata na ule mpira wa kupumulia majini.” Nikang'ata, tukapaka upya. Safari hii duara lilikatika sehemu mbili, kila upande chini ya pua, pale mkunjo wa shavu unaposhuka kuelekea mdomoni. Ukiuma mpira wa kupumulia shavu linahama! Miaka mitatu nimekuwa nikijaribu miwani dukani mdomo ukiwa mtupu.

Basi tukamwendea fundi wa dari za jipsamu. Kwa bandeji za plasta, zile za kufungia mfupa uliovunjika, tulichukua umbo la uso wangu nikiwa nimeng'ata vilevile, pua wazi nipumue, kisha akalijaza jipsamu. Tulipoibandua, sura yangu nyeupe ilikuwa na ile mikunjo miwili, ya kushoto imeingia zaidi kuliko ya kulia.

Silikoni ni ile ya tyubu ya kuzibia vioo, ambayo ikiwa mbichi inanuka siki. Msiipake usoni ikiwa mbichi, inaunguza. Na ile ya bafuni yenye dawa ya ukungu iacheni kabisa. Peke yake ikiwa nene haikauki ndani upesi. Ukiichanganya na konfulawa inakauka haraka. Tulianza nusu kwa nusu ikatoka ngumu kama kandambili. Kijiko kimoja cha konfulawa kwa vitatu vya silikoni ndiyo ilikuwa laini. Paka jipsamu mafuta ya mgando, safisha ukingo wa miwani kwa spiriti, ujaze ule mchanganyiko, gandamiza miwani juu ya ile sura. Gharama yote ilikuwa kama elfu thelathini, jipsamu nilipewa bure.

Siku ya kwanza nilikaa chini zaidi ya nusu saa, mkanda umelegea kiasi cha kupitisha kidole. Sikupuliza maji hata mara moja. Nilipopanda botini wenzangu waliniinamia wakachungulia ndani ya kioo: pakavu.

Sasa tuna sura tatu za jipsamu zimepangwa ukutani kwa fundi. Aliyebaki ni nahodha, mwenye masharubu. Jumamosi tunaanza naye.