Milimita Nne za Mkia: Siku Moja Maishani Mwangu Kwenye Gari la Udongo

Saa 12 kasorobo asubuhi nawasha tanuri. Hata taa za karakana hazijawaka zote, lakini udongo hausubiri mtu: lazima ufikie nyuzi 60 hivi za joto ndipo ulainike na kukubali kubandikwa. Si udongo wa shambani huu. Ni mchanganyiko wa nta na unga laini, rangi ya kahawia, na ule wa aina ya zamani una salfa ndani yake. Harufu yake haiondoki mikononi kwa sabuni, nakwenda nayo nyumbani.

Mimi ni mchongaji wa magari ya udongo. Nikimwambia mtu hivyo, anadhani natengeneza vitu vya kuchezea watoto. Ninachochonga ni gari zima, ukubwa wake kamili, kuanzia bampa ya mbele hadi ya nyuma. Ndani kuna kiunzi cha chuma, juu yake povu gumu, na juu ya povu ndiko tunakobandika udongo, unene wa vidole viwili au vitatu. Wasanifu wanachora, kompyuta zinakokotoa, lakini kabla kampuni haijatoa fedha zake kuna watu watakaotaka kulizunguka gari hilo kwa miguu yao na kuona mwanga unavyolipita. Huko Marekani, msanifu Harley Earl aliukuza ufundi huu baada ya kuingia kampuni ya magari ya General Motors mwaka 1927, na kompyuta hazijauua mpaka leo.

Gari letu la miezi hii ni gari la dhana, yaani la kuonyeshwa, si la kuuzwa. Linalienzi gari moja la zamani la mbio za ustahimilivu, zile za saa 24 kama za Le Mans huko Ufaransa. Jina lake silitaji, mkataba haunipi ruhusa. Itoshe kusema lilikuwa fupi kwa kimo na refu kwa nyuma, na kwamba wanaolipenda wanaujua mkia wake kama wanavyoujua uso wa ndugu yao.

Saa 1 timu imekamilika. Tunakagua upande wa kushoto. Huo ndio tunaouchonga kwa mkono. Ukishakubaliwa, unapimwa kwa mashine, unageuzwa kama kwenye kioo, kisha mashine ya kukatia inauchonga upande wa kulia usiku kucha. Kesho saa 3 wakubwa wanakuja kuliona gari. Maana yake leo jioni kushoto lazima kuwe kumekwisha.

Saa 2 hadi saa 4: kukwangua. Sina la kueleza zaidi.

Saa 4 na robo akaja mgeni kutoka idara ya masoko. Sikuwa nimeambiwa. Akalizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, kisha akasimama kwenye kisogo cha paa.

"Fundi, hapa hatuwezi kuweka pezi? Watu wakiliona tu, wajue ni Le Mans."

Nikaweka kikwangulio chini. Nataka kulieleza jambo hili vizuri, kwa sababu nalieleza kila mradi wa aina hii unapokuja. Jaguar D-Type, iliyoshinda Le Mans 1955, 1956 na 1957, ilikuwa na pezi, yaani bati lililosimama wima, nyuma ya kichwa cha dereva. Pezi lile halikuwa pambo. Wakati ule barabara ya Mulsanne, sehemu ya njia ya mbio za Le Mans, ilinyooka karibu kilomita 6, na gari jepesi lililokwenda kasi vile lilihitaji kitu cha kulishika lisiyumbe. Ford GT40 Mk IV ya 1967 ilikuwa na kinundu juu ya paa, upande wa dereva. Kwa nini? Dereva wake, Dan Gurney, alikuwa mrefu na kofia yake ya usalama ilikuwa haienei ndani. Wakainua paa kwa ajili ya kichwa cha mtu mmoja, na gari hilo likashinda, Gurney akipokezana usukani na A. J. Foyt. Maumbo yale tunayoyapenda yalizaliwa na shida. Gari letu halina shida ile. Gari tunalolienzi lenyewe halikuwahi kuwa na pezi. Tukilibandika, tutakuwa tumekopa kovu la mtu mwingine.

Nilimwambia yote hayo, kwa heshima, labda kwa dakika ishirini. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akauliza: "Lakini dogo tu?" Kisha, akiwa bado anafikiri, akaegemea. Kiganja kizima kwenye bega la fenda ya nyuma, na pete kidoleni.

Udongo uliopoa ni mgumu, lakini si jiwe. Pete iliacha alama ya ukubwa wa punje ya mtama. Alipoondoka (aliomba radhi, na aliimaanisha), mwanagenzi wangu akataka kuijaza pale pale kwa kidole. Nikamzuia. Udongo baridi haushiki udongo wa moto. Lazima upashe eneo lote kwa hewa ya moto, ujaze kupita kiasi, usubiri ipoe, ukwangue kwa mshazari kulia, kisha kwa mshazari kushoto, kisha upitishe bamba jembamba la chuma mpaka kiganja kisisikie kitu. Punje moja ya mtama ilikula saa nzima na dakika kumi.

Saa 7 chakula. Mwanagenzi aliuliza kwa nini letu halina injini, maana amesoma kwamba Mazda Furai ya 2008 ilikuwa inakwenda kweli. Ni kweli, ilijengwa juu ya chesi ya gari halisi la mbio, Courage C65, ikavaa namba 55 kuikumbuka Mazda 787B iliyoshinda Le Mans mwaka 1991 kwa injini ya rota. Iliungua moto mwaka huo huo wa 2008 ikiwa kwenye kazi ya kupigwa picha. Aston Martin CC100 nayo ilikwenda: mwaka 2013 ilizunguka Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani, ikifuatana na DBR1, gari la aina iliyoshinda Le Mans mwaka 1959, na dereva mkongwe wa mbio Stirling Moss ndiye aliyeiendesha hiyo ya zamani. Haya ni magari ya kujivunia. Ila nilimwambia mwanagenzi asiudharau udongo. Mwaka 2020 Porsche ilipotoa picha za magari yake yaliyokuwa yamefichwa kwa miaka, mojawapo, 919 Street ya 2017, lilikuwa gari la udongo. Dunia nzima ikaliangalia. Kuna wachongaji waliokwangua gari lile, majina yao siyajui, na siku ile niliwafurahia kama ndugu.

Saa 8 tukavika filamu ya rangi ya fedha upande wa nyuma kushoto. Filamu hii hunyoshwa juu ya udongo ikiwa na maji, halafu hubanwa mpaka maji yote yatoke. Hapo udongo unageuka bati machoni. Kosa lolote ambalo jicho lilikuwa limelisamehe linaonekana.

Saa 9 na nusu mkuu wa usanifu akaja. Hakusema kitu. Alikwenda hatua kumi na tano nyuma, akachuchumaa, akanyanyuka, akasogea kulia, akachuchumaa tena. Namfahamu miaka mingi. Akichuchumaa mara mbili, hakuna anayewahi nyumbani.

"Ukingo wa mkia," akasema. "Panda milimita nne."

Milimita nne, nani ataziona? Hata mimi nilitaka kuuliza. Lakini nilikwenda kuchuchumaa alipochuchumaa yeye, nikaona. Mstari wa mwanga ulitoka juu ya gurudumu, ukatembea vizuri, halafu karibu na mwisho ukalegea kidogo kama kamba isiyovutwa. Paa letu liko juu kuliko la gari la zamani, kwa sababu watu wa leo lazima waketi kama watu. Ford walikutana na jambo hilo hilo: GT40 ilipata jina lake kutokana na kimo cha inchi 40, na gari la dhana walilolionyesha Detroit mwaka 2002 lilikuwa refu kwa kimo kuizidi kwa karibu inchi 4. Ukiinua paa na mkia ukaubakisha palepale, mgongo unaanguka. Alikuwa sahihi. Nilichoka zaidi kwa sababu alikuwa sahihi.

Tukabandua filamu yote.

Kupandisha ukingo milimita nne si kubandika milimita nne pale ukingoni. Ukifanya hivyo unapata kidonda. Lazima urudi nyuma sentimita sitini, karibu na kioo, uanze kuinua pale kwa unene wa karatasi, uongeze kidogo kidogo mpaka mwisho. Bega la fenda linabadilika. Vyumba vya taa vinabadilika. Kona inayogeuka kwenda kwenye bampa, ambayo niliichonga kwa siku tatu wiki iliyopita, inakufa na kuzaliwa upya. Watu wanne, mifuko miwili ya udongo moto, vidole gumba vikisukuma ili hewa isibaki ndani. Baada ya saa ya pili ngozi ya kidole gumba haisikii joto tena, ndipo mtu anapoungua. Nilimtoa mwanagenzi kwa muda.

Saa sikuziangalia tena. Madirisha yalikuwa meusi. Mtu mmoja aliniletea maji, sikumbuki ni nani. Nilikuwa nakwangua na kufikiria wadudu.

Ndiyo, wadudu. Mwaka 1969 Porsche 917 ilikuwa gari la kutisha, mkia wake ulielea kwenye kasi na madereva hawakuiamini. Oktoba ile, kwenye majaribio katika uwanja wa mbio wa Österreichring huko Austria, John Horsman, mhandisi wa timu ya John Wyer, aliona kwamba wadudu waliokufa walikuwa wametapakaa mbele ya gari, lakini kwenye bawa la nyuma hawakuwepo. Kwa hiyo hewa ilikuwa inapita juu, haigusi bawa. Wakachukua mabati ya alumini, wakauinua mkia palepale uwanjani. Gari likatulia. Mwaka uliofuata 917 iliipa Porsche ushindi wake wa kwanza wa jumla Le Mans. Umbo lile linalobandikwa ukutani na vijana lilichorwa na mbu, na mafundi waliokuwa na mikasi ya bati na haraka.

Gari letu halitakimbia popote, na hewa haitauliza chochote. Lakini atakuja mtu aliyelipenda lile la zamani tangu utotoni, atasimama mbele ya mkia huu, na sitaki jicho lake liteleze pale uliponilegea mimi.

Tulivika filamu ya pili ilipokaribia saa 4 usiku. Mkuu akarudi nyuma hatua zake kumi na tano. Akachuchumaa mara moja tu. Mstari ulitoka juu ya gurudumu ukaenda mpaka mwisho, haukulegea. Alinigusa bega, akaenda kuita watu wa vipimo.

Tukafagia. Vipande vyote vilivyokwanguliwa vinarudi kwenye ndoo, vitayeyushwa tena, hakuna udongo unaotupwa. Katika ndoo ile kuna magari matatu ya miradi iliyopita ambayo hayakukubaliwa.

Saa 6 na dakika chache mashine ya kukatia ikaanza upande wa kulia. Wenzangu walikuwa wameondoka. Mimi nilibaki, maana mara moja iliwahi kuzama ndani zaidi na hakuna aliyekuwepo. Ilikata mistari mitatu kwenye mkia, ikasogea. Nikaisimamisha, nikapeleka kiganja kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Nikaiwasha, nikatafuta koti langu.