Plagi Mpya, Kumisi Kule Kule

Hiace yangu ya petroli, yenye injini ya 1TR-FE ya lita 2.0, hubeba viti na maturubai ya kukodisha, kwa hiyo siku nyingi iko barabarani na mzigo. Miezi michache iliyopita ilianza kumisi, yaani injini kukosa mlipuko hapa na pale. Ikiwa tupu haikuonyesha lolote zaidi ya mtetemo mdogo kwenye foleni, lakini nikishaijaza viti na kuanza kupanda mwinuko wa Kimara, Dar es Salaam, ilikatakata kama mtu anayekohoa katikati ya maneno, na taa ya injini ikaanza kuwaka na kuzima mfululizo. Taa hiyo ikiwaka bila kupepesa unaweza kufika nyumbani ukatafuta fundi kesho yake. Ikipepesa, maana yake petroli ambayo haikuungua ndani ya silinda inaingia kwenye bomba la moshi na kwenda kuungulia kwenye masega ya kusafisha moshi (katalaiti), ambayo yanaweza kuyeyuka kwa joto hilo. Nilipunguza mwendo, nikapanda taratibu, nikafika.

Fundi wa kwanza alisikiliza injini kwa dakika moja hivi, akaniambia, "Bosi, hii ni petroli chafu." Nozeli zinazonyunyizia petroli zikatolewa na kusafishwa, nikalipa, gari likaendelea kumisi. Ndipo alipobadilisha plagi zote nne, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli, na kwa kweli lilitulia. Nilimshukuru. Siku kumi na sita baadaye, mahali pale pale Kimara, kikohozi kilirudi.

Safari hii nilinunua kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari kupitia simu, nacho kikanipa namba P0302, yaani silinda namba 2 inamisi. Kompyuta haioni cheche wala petroli. Inachofanya ni kupima mwendo wa krenkishafti, mhimili mkuu unaozungushwa na injini, kwa kutumia sensa. Kila silinda inapolipua, krenkishafti hupata msukumo, na silinda moja ikikosa, mzunguko hupungua kasi kidogo pale pale kila zamu yake inapofika. Kwa hiyo namba ile inakuonyesha nyumba yenye mgonjwa, lakini haikutajii ugonjwa. Silinda inaweza kukosa cheche, ikakosa petroli, au ikawa haina kompresheni (mgandamizo), na kila moja kati ya hayo lina dawa yake na bei yake.

Kwa kuwa katika injini hii kila plagi imewekewa juu koili yake, kifaa kinachoipa umeme wa cheche, kuna kipimo kisichogharimu kitu: unahamisha koili ya silinda yenye tatizo, unaiweka kwenye silinda nzima, unafuta kumbukumbu ya kompyuta, kisha unaendesha. Tatizo likihama na koili, umempata mwizi. Likibaki palepale, koili haina hatia. Nilitoa kiti cha mbele, maana injini imekaa chini yake, nikabadilishana koili ya 2 na ya 4, nikatoka na mzigo. Nilitarajia jibu moja kati ya mawili. Kompyuta ilinipa yote mawili: P0304 na P0302. Nilikuwa na silinda moja mbovu, sasa nina mbili.

Hapo ndipo nilipomwita jirani yangu, mzee aliyetengeneza malori maisha yake yote na ambaye hana kifaa chochote cha kuunganisha na simu. Alichomoa koili ya silinda ya 2, akachungulia kwenye kisima cha plagi, yaani shimo refu ambamo plagi hukaa, akaingiza bisibisi iliyofungwa kitambaa. Kitambaa kilitoka kimelowa oili. "Mwanangu," aliniuliza, "oili hii imenyesha?"

Tuliinyonya kwanza kwa bomba la sindano, ili isimwagikie ndani ya silinda, ndipo tukafungua plagi. Ilikuwa mpya, ncha yake safi kabisa. Lakini kwenye kaure yake nyeupe kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele, umetambaa kutoka kichwani hadi kwenye chuma, na haukufutika hata nilipoukwaruza kwa ukucha. Tulipoupasua mpira unaovaa juu ya plagi, wa koili ile niliyoipeleka silinda ya 4, tulikuta ndani yake alama ya kuungua inayolingana na mstari ule.

Maelezo ya mzee, ambayo ningependa kuyasikia kabla ya kulipia nozeli, ni haya. Koili hupandisha umeme wa volti 12 hadi maelfu mengi ya volti ili cheche iruke kwenye ncha ya plagi. Gari likibeba mzigo, mgandamizo ndani ya silinda huongezeka na cheche hupata shida zaidi kuruka. Kwa hiyo umeme hutafuta njia nyepesi. Mpira uliolainishwa na oili haubani tena kaure sawasawa, umeme unatambaa kati ya viwili hivyo, unachoma njia yake, na njia hiyo inabaki. Mpira ulioungua huharibu plagi mpya, na plagi iliyoungua huharibu mpira mzima. Ndiyo maana plagi mpya zilidumu siku kumi na sita, na ndiyo maana nilipohamisha koili niliambukiza silinda ya 4 huku plagi ya 2 ikibaki na ugonjwa wake.

Oili ilikuwa inavuja kutoka juu, kwenye mipira ya duara inayozuia oili ya kava ya valvu (kifuniko cha juu cha injini) isiingie kwenye visima vya plagi. Mipira hiyo ilikuwa imekauka na kuwa migumu kama plastiki. Nilikwenda Gerezani, Kariakoo, ambako wauzaji wawili walinishikilia ninunue koili nzima. Wa tatu alikuwa na mpira na springi yake peke yake. Nilinunua seti ya gasketi ya kava pamoja na mipira ya duara, mipira minne ya koili, na plagi mbili za silinda ya 2 na 4. Koili zenyewe nilizirudisha zile zile. Plagi nilizianza kwa mkono hadi zikakaa, kisha nikaongeza nusu mzunguko kwa spana, kwa sababu nyuzi za silinda hedi ni za aluminiamu na zikikatika hiyo ni hadithi nyingine.

Nimeipandisha Kimara na mzigo mara nyingi tangu hapo. Wiki iliyopita niliinua tena kiti, nikaingiza bisibisi yenye kitambaa katika visima vyote vinne, na kitambaa kilitoka na vumbi tu.