Niliamka nikalikuta halianguki

Leo ni Alhamisi na ile sentensi ya mwanangu bado inanizunguka kichwani. Naisikia nikipiga mswaki, naisikia nikiwa kwenye foleni ya magari, jana nimeisikia katikati ya kikao, mtu ananiuliza swali la maana na mimi namkodolea macho tu.

"Kwa nini mara ya tano halikuanguka?"

"Sijui. Niliamka nikalikuta halianguki."

Mnaonisoma tangu zamani mnamjua kitinda mimba wangu, yule aliyefungua saa ya ukutani ili aone muda unakaa wapi. Sasa ana miaka saba. Wiki hii Mama amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, la kushoto, umekwenda salama, na mradi wetu kazini umesimamishwa hadi mwakani na nusu ya wenzangu hawajui mwezi ujao watakuwa wapi. Nami nimekaa hapa kuandika habari za daraja la plastiki lisilofika urefu wa mkono wangu.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya maonyesho ya watoto. Ni ya mtindo ule wa FIRST LEGO League Explore: timu ndogo za watoto, mfano wa matofali ya LEGO, yale ya plastiki ya kuchezea, wenye sehemu inayosogea kwa mota, bango la kueleza walichojifunza, kisha mkaguzi anapita meza kwa meza kuzungumza na watoto. Na watoto wenyewe, si wazazi wao. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho, kila timu inatoka na pongezi yake. Waandaaji walibandika utepe wa njano sakafuni, wazazi tukaambiwa tusiuvuke. Nadhani walishatujua.

Upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na meza za sayansi: magadi na siki vikifoka povu, sumaku, boti za karatasi ya foili zinazopakiwa gololi hadi zizame. Kwenye pembe moja wadogo kabisa walikuwa na matofali makubwa ya Duplo, yale yaliyozidishwa mara mbili kila upande na bado yanashikana na madogo. Niliyapitia yote haraka haraka. Macho yangu yalikuwa kwenye daraja.

Sasa niwaambie kilichotokea Ijumaa usiku, maana bila hicho hamtaelewa kwa nini mtoto kusema "sijui" kumenikosesha usingizi siku tano.

Timu yao ina watoto wanne. Walijenga daraja la kuinuka ili boti ipite chini yake: uzi unapita juu ya nguzo, unajizungusha kwenye roda, mota inavuta. Zile fremu mbili za pembeni walizijenga kwa mihimili yenye matundu, wakaiunganisha kwa pini kwenye kona, zikawa pembenne mbili nzuri kwa macho. Aliyewahi kushika kazi ya ujenzi anajua tabia ya pembenne iliyofungwa kwa pini. Haivunjiki, inalala tu. Mota ikianza kuvuta, fremu zinainama upande mmoja kama mlevi anayetafuta ukuta, kisha njia ya magari inachomoka na kila kitu kinakwenda sakafuni. Limeanguka mara nne. Nilikuwepo kwa mara tatu kati ya hizo, nikajikaza, sikusema kitu. Mama watoto ni shahidi.

Ijumaa daraja lililala kwetu kwa sababu nyumba yetu ndiyo iliyo karibu na ukumbi. Saa sita kasoro usiku nikashuka kunywa maji.

Sikunywa maji.

Nilikaa sakafuni kwa tochi ya simu, miguu nimeikunja, ndoo ya matofali iko kati ya magoti. Ndoo hiyo ni ya urithi, ilikuwa ya dada yake, na ndani yake kuna matofali ya zamani kuliko ndoa yangu. Yote yanashikana, kwa kuwa umbo lile lile la tofali lililowekewa hataza tarehe 28 Januari 1958 ndilo linaloendelea kutengenezwa hadi leo. Nilitafuta mihimili ya kuweka mshazari. Kwa matofali haya mshazari haukubali popote tu, lazima matundu yakutane, na hesabu inayokubali vizuri ni ile ya 3, 4 na 5 tuliyofundishwa shuleni, ukihesabu nafasi kati ya tundu na tundu. Nafasi tatu kwenda juu, nne kwenda pembeni, na mshazari wa tano unaingia taratibu bila kulazimishwa. Ile "tki" ya pini kuingia tunduni usiku wa manane, nyumba yote kimya! Nikaweka msalaba upande huu, nikaweka na upande ule. Mishazari minne. Nikawasha mota, daraja likapanda, likashuka, halikutikisika hata kidogo. Nikalala usingizi wa mtu mwema.

Asubuhi yake, tukiwa ukumbini (hapa ndipo ninapojionea haya zaidi), nilimnong'oneza mama watoto kuhusu meza ya jirani, ambako bango lilikuwa na mwandiko wa mtu anayejaza fomu za benki kila siku. "Yule baba kajenga mwenyewe," nikasema. Akanitazama tu. Mwanamke yule hulala fofofo, kwa hiyo sijui alijua nini.

Kisha mkaguzi akafika. Dada mmoja mpole, alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya watoto, kalamu sikioni.

"Shikamoo," wakasema wote wanne kwa pamoja, walifanya mazoezi.

"Marahaba. Haya, niambieni, daraja hili lilianguka mara ngapi?"

Swali zuri kiasi hicho! Sijawahi kuulizwa hivyo kazini, na ningeulizwa ningedanganya. Kitinda mimba akajibu bila aibu, "Mara nne. Mara ya tano halikuanguka."

"Kwa nini mara ya tano halikuanguka?"

Alilitazama daraja. Akagusa mshazari mmoja kwa kidole, kama mtu anayegusa kitu cha wageni. "Sijui. Niliamka nikalikuta halianguki."

Hakusema kwa kunishtaki. Ningependa angesema kwa kunishtaki. Alisema kama mtu anayesema aliamka akakuta mvua imenyesha. Mkaguzi akainua macho, akatupitia sisi wazazi nyuma ya utepe mmoja mmoja, nami nikaanza kuchunguza kamba za viatu vyangu. Kisha akaandika kitu kwenye karatasi yake. Neno moja, au mawili. Nimejaribu maneno yote yanayoweza kutoshea kwenye mwendo ule wa kalamu.

Yaliyofuata sikuyasikia vizuri. Inasemekana aliuliza kuhusu gia, na mwanangu akaeleza kwamba kagurudumu kenye meno 8 kanakimbia mara tano ili gurudumu la meno 40 lijivute mara moja, "kwa hiyo mota inachoka kidogo". Mama watoto ndiye aliyenisimulia tukiwa garini. Gia zile walizipanga watoto peke yao. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale na nimekosa kitu bora kuliko vyote vilivyosemwa mezani pale, kwa sababu nilikuwa nahesabu matundu ya kamba za viatu.

Usiku ule nilisoma mahali kwamba matofali sita tu ya vinundu vinane, yakiwa ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Yuko profesa wa hisabati aliyekaa na kompyuta akahesabu. Nikawaza: njia zote hizo zipo, watoto wanne wamejaribu nne, na mzee mzima nikashindwa kuwaachia ya tano.

Nilitaka kuishia hapo. Rasimu ya Jumatatu iliishia hapo kwa kweli, na ilikuwa imejaa kujilaumu kiasi kwamba hata mimi niliichoka.

Jumanne jioni nikasikia, "Baba, njoo uone!" Alikuwa sakafuni na daraja. Zamu ni yetu kukaa nalo hadi timu ikutane tena. Akang'oa mshazari wa kwanza, akawasha mota. Daraja likapanda. Akang'oa wa pili. Likapanda. Akang'oa wa tatu, likatikisika, nikanyoosha mkono, akanipiga kikofi kidogo cha vidole. Likapanda. Akang'oa wa nne, na fremu zikalala chali polepole, kwa adabu kabisa.

Akarudisha mmoja. Likasimama.

"Baba, uliweka mingi. Mmoja unatosha."

Jamani. Miaka kumi na sita ya kazi hii. Nikaanza kumweleza kwamba nilitaka kila fremu ijitegemee, kwamba mhandisi huacha akiba, kwamba upepo... Upepo upi, sebuleni? Nikacheka mpaka machozi. Yeye hakucheka, alikuwa anasukuma daraja kwa kidole upande huu na upande ule. Ule mshazari ulipovutwa ulishika, uliposukumwa ulishika pia. "Unafanya kazi kwenda na kurudi," akasema. Sikumfundisha hilo. Nilikuwa karibu kumwambia linaitwaje, nikanyamaza, na naandika hapa ili iwepo kumbukumbu kwamba siku moja nilinyamaza.

Kisha, bila kuniangalia, akauliza: "Uliogopa litaanguka watu wakiona?"

"Niliogopa."

"Mimi sikuogopa. Lilishaanguka mara nne."

Akaendelea na mambo yake. Baadaye kidogo akaniomba pini mbili nyeusi, nikampa pini mbili nyeusi.

Mishazari mitatu iliyobaki iko mfukoni mwa suruali yangu ya kazini, naigusa gusa nikiwa vikaoni. Nitairudisha kwenye ndoo.

Sasa ni saa nne usiku na nina jambo lingine. Dawa ya jicho la Mama ni tone moja kila baada ya saa nne, na tumebandika karatasi ukutani ya kuweka alama. Ya saa mbili imewekewa alama. Si mimi niliyeiweka. Mama watoto anasema si yeye. Dada mtu alikuwa masomoni. Mama mwenyewe amelala, na bandeji kavu, na sitaki kumwamsha kumuuliza kama kuna mtu alimtia dawa, wala sitaki kumtia mara mbili. Alama yenyewe imepinda kidogo, iko chini sana ya karatasi, kwenye kimo cha kifua changu au chini ya hapo.