Ukiosha Sana Filta ya Kobe, Unaharibu Maji

Maji ya tangi la kobe wa maji yanaweza kuwa maangavu mpaka unaona mkwaruzo kwenye kioo cha chini, na bado yakawa yanamchoma macho. Amonia haina rangi. Inatoka kwenye mkojo na kinyesi chake, na kwenye dagaa waliobaki wakaozea pembeni. Kobe naye si mwepesi wa kulalamika: anavuta hewa kwa pua, kwa hiyo maji ambayo yangeua samaki kwa usiku mmoja yeye huyavumilia kwa wiki nyingi, huku ngozi ikiwaka, macho yakivimba na gamba likianza kupata madoa laini yenye harufu. (Magamba membamba kama karatasi yanayobanduka yenyewe ni jambo la kawaida, anajibadilisha. Yaache.)

Kazi ya kuondoa amonia haifanywi na sponji ya filta, inafanywa na bakteria wanaokaa ndani yake. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo ni afadhali, na hiyo unaitoa mwenyewe kwa kubadilisha maji. Tangi jipya huhitaji wiki 4 hadi 6 kabla ya bakteria hao kutosha, na katika kipindi hicho badilisha robo ya maji kila siku mbili. Ukibahatika kupata sponji chafu kutoka tangi la mtu ambaye kobe wake ni mzima, ichukue mbio, ikiwa bado mbichi. Inashinda chupa yoyote ya bakteria ya dukani.

Sasa fikiria usafi wa Jumamosi unavyofanywa majumbani. Filta inafunguliwa, sponji zinaminywa chini ya bomba mpaka zinang'aa, na wengine wanatia na sabuni. Klorini ya bomba imeshafagia bakteria wengi. Siku tatu baadaye maji yanapauka kama yametiwa tone la maziwa, mwenye kobe anasema filta bado chafu, anaiosha tena. Hapo amonia haishuki kamwe.

Ioshe hivi: chota lita 5 za maji ya tangi lenyewe kwenye ndoo, chovya sponji, minya mara tatu au nne mpaka tope zito litoke, basi. Irudishe ikiwa bado ya kahawia. Kama filta ina sponji mbili, osha moja leo na ya pili baada ya wiki mbili. Ishara ya kwamba wakati umefika ni maji kutoka kwa unyonge kwenye bomba la filta, siyo kalenda.

Umeme ukikatika kuna mtego mwingine, hasa kwa zile filta za kopo zinazokaa nje ya tangi. Saa moja haina neno. Ukikatika tangu asubuhi hadi jioni, maji yaliyofungiwa ndani ya kopo huishiwa oksijeni, bakteria wanakufa, na umeme ukirudi, uozo wote unamiminwa kwa kobe. Chomoa waya mapema. Ukiona giza litakuwa refu, toa sponji uziweke kwenye beseni lenye maji kidogo ya tangi ili zipate hewa. Ukisahau, fungua kopo kabla ya kuwasha: likinuka mayai viza, mwaga maji hayo yote, suuza sponji kwa maji ya tangi, kisha washa.

Kipimo cha ukubwa ni lita 15 hivi kwa kila sentimita ya gamba. Kobe wa sentimita 15 anataka lita 225, yaani tangi la sentimita 100 kwa 50 lenye kina cha maji cha 45. Filta yake iwe iliyoandikiwa tangi la mara mbili au tatu ya hapo, kwa sababu watengenezaji huandika wakiwafikiria samaki.

Kila wiki toa robo hadi theluthi ya maji kwa mpira, ukifyonza uchafu wa chini. Usiuanzishe kwa mdomo, kobe hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, hata akiwa mzima kabisa. Ujaze mpira maji, ziba ncha kwa kidole, shusha kwenye ndoo. Ndoo hiyo isiingie jikoni, na maji yasimwagwe kwenye sinki la vyombo. Hita ichomolewe kwanza, kwani ikibaki nje ya maji ikiwa ya moto, kioo chake hupasuka. Maji mapya ya bomba yalaze kwenye ndoo wazi saa 24 klorini itoke, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Mahali wanapotia kloramini (klorini iliyoungana na amonia), kulaza hakusaidii, ni dawa tu. Joto la maji mapya likaribiane na la zamani. Kwa kobe mkubwa wa masikio mekundu ni nyuzi 24 hadi 26.

Pima kwa vitone vya kupimia maji: amonia 0, nitriti 0, nitreti isizidi miligramu 40 kwa lita. Angalia na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, maana kwa kiasi kilekile cha amonia, maji ya pH 8 yana sumu karibu mara kumi kuliko ya pH 7. Maji ya visima vingine ni magumu, na pH yake huwa juu, kwa hiyo anayetumia kisima asiseme "ni kidogo tu" akiona amonia.

Maji yakiwa ya kijani, hiyo ni jua la dirishani, sogeza tangi. Yakiwa na povu linalokaa, unamlisha kupita kiasi. Mlishe kwenye beseni la pembeni lenye maji ya tangi, mwache humo nusu saa, maana wengi hunya mara tu wakishiba, halafu mrudishe kwake.