Kiberenge cha Fairmont kilivyonitoa jasho, kikawaka, halafu kikaniaibisha

Nilipokuwa nafufua kiberenge, yaani kigari kidogo cha reli chenye injini, kuna walioniambia "mwagia petroli ya kutosha kitawaka tu". Wote mlioniambia hivyo, nimewasamehe ila sijasahau.

Niko Minnesota, Marekani, jimbo hilohilo kilikotengenezwa, maana Fairmont ni mji wa huku na ndiko kampuni ya Fairmont Railway Motors ilikokuwa. Hiki ni M19, kidogo, cha mkaguzi wa njia peke yake au na mwenzie, sio vile vya kubeba vibarua na zana zao. Nilikabidhiwa nikifufue kwa sababu niliropoka kwamba nyumbani Tabora nimekua nikiviona. Kuviona jamani, sio kuvitengeneza!

Kutu, rangi, mkanda mpya wa kuzungusha magurudumu, hayo ya kawaida, dola mia tatu na ushee hivi. Balaa injini. Silinda moja, ya kuchanganya oili na petroli kama pikipiki za zamani, haina rejeta, maji yanakaa tu juu ya silinda yanachemka yanatoka mvuke, basi ndo imepoa hivyo. Nikasikiliza wazee wa pale bandani, nikamimina petroli, nikazungusha hendeli. Kimya. Nikaongeza. Kimya. Jumamosi nzima nazungusha mpaka ikapiga mara moja tu, pa, hendeli ikanirudi mkononi, wiki nzima nakula ugali kwa mkono wa kushoto na mke wangu anacheka. Plagi kila nikiitoa imelowa chapachapa. Nikanunua na koili nyingine ya kutoa cheche, ya nini sasa, ile ya zamani ilikuwa inavuma kama nyuki, nzima kabisa.

Usiku kitandani ndo nikakumbuka, injini za hivi mafuta yanapita kwanza chini kwenye krenki kabla ya kupanda juu. Kwa hiyo petroli yangu yote iko huko! Kesho yake nikafungua koki ya chini, ikatoka karibu chupa nzima ya soda. Nikakausha plagi, nikazungusha bila kuongeza hata tone, mara ya pili tu, pa, pa, papapapa!

Kwa mbwembwe nikavuta lever ya kukaza mkanda, kiberenge kikaondoka kinyumenyume kikabamiza mlango wa banda. Kumbe hakina giaboksi wala rivasi, injini yenyewe inazunguka upande wowote, ukitaka kurudi nyuma unaiwasha izunguke kinyume, na mimi ndivyo nilivyoiwasha. Ubao mmoja wa mlango, nimelipa.

Vishikio vya kuvuta nje msivitoe mkidhani ni mapambo. Magurudumu yana insuleta za kuzuia umeme usipite toka reli moja kwenda nyingine, ili kisichezeshe signo, zile ishara za treni, maana yake signo hazijui kama upo, kwa hiyo fundi wa njia akisikia treni alikuwa anavuta vile vishikio, ananyanyua upande mmoja, anakizungusha nje ya reli peke yake. Nimejaribu, inawezekana, ila mgongo ujiandae.

Juzi mzee mmoja kamshika mgeni anamwambia siri ni kumwagia petroli ya kutosha. Nikamnyang'anya kopo.