Jicho moja njo ilikuwa inalia

Mi ni mshonaji, niko na mashine yangu Nyawera, hapa Bukavu. Mwaka 2018, mwezi wa nane, ile wakati wazazi wanatuletea vitambaa vya yunifomu mbele masomo ianze, kichwa ilianza kuniluma upande wa kuume. Kwanza juu ya nyusi, kiisha ikazunguka nyuma ya sikio mpaka mu shingo. Kushoto hakuna kitu. Ungechora mstari katikati ya uso wangu, toka mu nywele mpaka mu kidevu, maumivu haingeruka ule mstari.

Nilifikiri ni uchovu, itapita. Haikupita. Na nikisema haikupita watu wengi hawaelewi, wanafikiri ni kichwa ya kuja na kuenda kama ya kila mtu. Hapana. Ilikuwa pale nikilala, pale nikiamka, pale nikiwa kanisani, kuna siku inashuka ninashona, ninacheka na wateja, halafu bila sababu inapanda, na ikipanda jicho ya kuume inaanza kutoa machozi, ile moja tu, na pua ya upande ule ule inaziba.

Siku moja nilikuwa natia uzi mu sindano, kitenge ya mteja iko juu ya mapaja yangu, chozi ikaanguka juu yake ikafanya duara ndogo nyeusi. Yule mama akanishika mkono: "Mama, ni mambo ya nyumba? Baba watoto anakutesa?" Nikamwambia hapana mama, ni kichwa tu. Hakuamini. Toka pale maneno ikaanza kutembea Nyawera kwamba ndoa yangu haiko sawa, mpaka mama mkwe akashuka toka Kadutu kuja kutukalisha, mi na bwana yangu, atuulize kuna shida gani. Mtu mzima na heshima yake, anasemwa juu ya chozi. Ile iliniuma sana na mpaka leo sijaisahau.

Basi tukaanza kutafuta. Kwetu kichwa ikiluma ni malariya, nikakunywa dawa ya malariya. Kiisha wakasema tifoide. Kiisha sinuzite, juu ya ile pua, nikapewa antibiotiki mpaka tumbo ikaharibika. Wakanipimia miwani, nikavaa. Halafu nikafika kwa daktari wa meno, kliniki moja ya mjini, akasema hii ni gego ya juu, lazima itoke. Ikatoka. Niliiangalia mu sahani, bado na damu: nyeupe, mizizi yake tatu mizima, hakuna tundu, hakuna weusi. Ile jino ilikuwa nzima jamani. Na usiku ule, ganzi ilipoisha, kichwa ilikuwa palepale, sasa iko na kidonda ya kinywa pembeni.

Wa mwisho aliniambia, "Mama, unawaza mingi, uko na stresi, upumzike." Nitapumzika namna gani na watoto wanataka kula?

Siku karibu zote nilikuwa nakunywa parasetamoli, ilikuwa haifanyi kitu ila ningefanya nini. Watu wa maombi walikuja pia. Sina neno mbaya na maombi, mpaka leo naomba, lakini kuna wenye walianza kutafuta ni nani "anafunga" kichwa yangu, na kidole ikaenda kwa shangazi yangu mzee anayekaa peke yake Bagira, mtu aliyenilea. Pale nilikataa. Niliwaambia wazi, kama kupona kwangu ni kumtupa shangazi yangu mu midomo ya watu, niacheni na maumivu yangu.

Ni yaya yangu, mkubwa wangu anayekaa Kigali, aliyesema kuja, hapa kuko madaktari wa neva. Skana kwetu wakati ule ilikuwa panne, imeharibika. Zamu yangu ya likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa, ilipofika tukachukua ile pesa, ile ilikuwa ya kununua mashine ya pili, tukavuka mi na bwana yangu mpaka wa Ruzizi ya kwanza, tukapanda basi Kamembe, upande wa Rwanda. Mwenye anajua ile barabara ya pori ya Nyungwe anajua zile kona. Sitazieleza.

Dokta alikuwa mtu wa makamo, anaongea polepole. Hakuanza na karatasi zangu. Aliuliza, "Mama, kichwa kinauma sasa hivi?" Ndiyo. "Na jana?" Ndiyo dokta. "Tangu kimeanza, kuna hata saa moja ambayo hakipo kabisa?" Nikanyamaza, juu kwa muda ule wote hakuna mtu aliyeniuliza ile. Nikafikiri sana. Nikasema hapana, hata saa moja. "Kimewahi kuhamia kushoto?" Hata siku moja. "Na kikizidi, jicho linakuwaje?" Mbele nijibu bwana yangu akajibu yeye, "Dokta, linalia. Ile moja." Alisema kwa nguvu, nikasikia kwamba ile maneno ya Nyawera na yeye ilikuwa inamkula.

Kiisha dokta akaomba kitambulisho. Nikampa kadi yangu ya uchaguzi, picha walinipiga 2017 wakati wa kuandikisha, mbele ya ugonjwa. Akaishika karibu na shavu yangu, akaangalia picha, akaangalia mi, picha, mi. Akamwita bwana yangu aangalie na yeye. Kope ya juu ya jicho ya kuume ilikuwa imeshuka kidogo, kidogo sana, na mu picha macho zote mbili ziko sawa. Mtu ninalala naye kitanda moja, hakuwa ameiona. Na mi sikuwa nimeiona.

Skana tulifanya, ya kichwa na ya mishipa ya shingo, juu alisema kope ikishuka hivyo lazima kwanza uhakikishe hakuna uvimbe wala mshipa wa damu uliochanika shingoni. Ikatoka safi. Njo akaniambia jina: hemikrania kontinua. Ni kichwa ya upande moja isiyokatika, zaidi ya miezi tatu, inapanda na kushuka, na ikipanda inavuta jicho na pua ya upande wake. Alisema madaktari wawili, Sjaastad na Spierings, ndio walioipa hilo jina mwaka 1984. Kuko ndugu yake ingine inayoliza jicho pia, lakini ile inakuja kwa vipindi, dakika 15 mpaka saa tatu hivi, kiisha inaachilia. Ya kwangu haikuachilia. Na parasetamoli, akasema, ukiikunywa siku 15 ao zaidi mu mwezi, kwa miezi, yenyewe inaweza kukuongezea kichwa.

Halafu akasema iko dawa moja ambayo ni matibabu na pia ni kipimo, kichwa ikipotea kabisa nayo basi ni yenyewe, isipopotea tutafute ingine. Indometasini. Nikamuuliza, ile ya Indocid? Ile baba mkwe anakunywa juu ya magoti? Akasema ndiyo, hiyo hiyo. Famasi iko chini ya ngazi ya atelie yangu, ninaikanyagia mlango kila asubuhi, na dawa ilikuwa mule mule mu kabati miaka yote ile!

Nilianza na miligramu 25 mara tatu kwa siku, kiisha chakula, pamoja na omeprazoli ya kulinda tumbo. Ikapungua, haikuisha. Akapandisha mpaka 50 mara tatu. Tulikuwa tunalala kwa yaya, Kimironko, na asubuhi moja niliamka nikakaa juu ya kitanda, nikabonyeza nyusi na kidole, nikabonyeza nyuma ya sikio, mu shingo, natafuta. Nilikuwa natafuta maumivu na sikuyapata. Bwana yangu akauliza, "Inakuluma tena?" Nikashindwa kumjibu, nikalia, na ile siku macho zote mbili zililia.

Kuna siku hasira inanipanda juu ya ile jino, juu ya shangazi, juu ya pesa ya mashine. Maswali ya yule dokta haikuwa ya bei, angeweza kuyauliza hata anfirmye, muuguzi wa kituo cha afya bila umeme. Njo sababu ninaandika jina hapa, mwenye iko na kichwa ya namna hii alipeleke kwa dokta wake, amwambie na mambo ya jicho hata kama hajaulizwa. Lakini ile dawa msijinunulie wenyewe mukaanza kukunywa, nawaomba sana, inatoboa tumbo, inaharibu figo, mwenye vidonda vya tumbo ao mwenye mimba isiwe mchezo. Mi wananipima damu ya figo kila wakati.

Tumejaribu kuipunguza. Sasa nimefika 25, asubuhi na jioni, chini ya pale haikubali: nikiruka ile ya jioni, mbele jua itoke inaniamsha, upande ule ule, juu ya nyusi.